Kilo Haijui Kuhesabu

Niliyasema haya nikiwa mgeni rasmi kwenye mahafali ya kidato cha nne, hapa Mwanza. Kina mama kadhaa waliomba hesabu za ubaoni, maana picha walizopiga kwa simu ziliharibiwa na jua la dirishani. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema. Pale ulimi ulipoteleza nimejirekebisha.

Bwana Mkuu wa Shule, walimu wenzangu, wazazi, nanyi wahitimu mliobanwa na tai tangu saa mbili asubuhi: mwangaluka.

Kadi ya mwaliko inasema nitatoa nasaha. Nasaha mmeshapewa za kutosha kabla yangu, na nyingine zimerudiwa mara mbili. Mimi nimefundisha kemia hadi nikastaafu na sijui kazi nyingine. Mtihani wenu ni Novemba. Kwa hiyo nimemwomba Mkuu wa Shule aniletee ubao, nifundishe kipindi kimoja, na kwa kuwa wazazi wapo, nitafundisha kwa Kiswahili. Mada ni ile ambayo kila mwaka watu wanairuka na kukimbilia maswali ya kuchora: umepewa moli za zao, yaani kinachotoka, unatakiwa utafute uzito wa kitendanishi, yaani unachotia.

Nimeziona sura zenu. Msiogope. Tuanzie Mwaloni, soko la samaki.

Mama yangu uliyekaa karibu na nguzo, mwenye khanga ya njano. Unafanya biashara gani?

"Dagaa, mwalimu. Kirumba, pale Mwaloni."

Vizuri. Kilo ya dagaa na kilo ya sangara, ipi nzito?

"Mwalimu, si zote kilo?" (Ukumbi ukacheka.)

Zote kilo. Sasa mimi mteja mkorofi nimekuja na sharti langu: kila samaki achomekwe kijiti kimoja, awe dagaa, awe sangara. Vijiti vya kilo ya sangara ni vingapi?

"Kimoja. Na pengine huyo sangara mwenyewe anazidi kilo."

Na vya kilo ya dagaa?

"Hapo utanimalizia msitu."

Ahsante mama, kaa. Wahitimu, huyu mama amemaliza nusu ya mada. Mizani ilisema kilo kwa kilo, vijiti vikakataa. Vijiti vinafuata idadi ya samaki, na kilo haijui kuhesabu samaki. Menyuko za kikemia zote zina tabia ya vijiti. Molekuli moja ya hiki inakutana na molekuli tatu za kile, basi. Hakuna molekuli inayouliza mwenzake ana uzito gani.

Tatizo ni kwamba molekuli hatuwezi kuzihesabu kwa vidole, na dukani tunauziwa kwa mizani. Hapo ndipo inapoingia moli. Moli ni hesabu tu, kama dazani. Dazani ni 12, moli ni 6.022 × 10²³. Ukitaka kuiandika kwa urefu, andika 6022 halafu panga sufuri 20 nyuma yake. Tangu tarehe 20 Mei 2019 idadi hiyo imewekwa kamili kimataifa, 6.02214076 × 10²³, haiongezwi wala haipunguzwi. Tunaiita namba ya Avogadro, ingawa Avogadro mwenyewe, yule Mwitalia aliyetoa wazo lake la gesi mwaka 1811, hakuwahi kuijua. Jina hilo alilipendekeza Mfaransa Jean Perrin mwaka 1909, Avogadro akiwa kaburini zaidi ya miaka 50. Hilo halitoki kwenye mtihani, nimelisema kwa sababu nalipenda.

Linalotoka kwenye mtihani ni hili: dazani ya mayai na dazani ya matikiti ni idadi moja, uzito mbalimbali. Vivyo hivyo moli moja ya kila kitu ina uzito wake. Unaupata kwa kujumlisha namba za uzito za kwenye jedwali la elementi. Kostiki soda: sodiamu 23, oksijeni 16, hidrojeni 1. Jumla 40. Basi gramu 40 za kostiki ni moli moja. Mwalimu wa fizikia ananikunjia uso pale. Najua, mwalimu, ilitakiwa niseme tungamo. Lakini Mwaloni hakuna aliyewahi kuniuliza tungamo la sangara.

Sasa niwasimulie aibu yangu.

Mke wangu yuko kwenye kikundi cha kina mama wa mtaani kwetu. Miaka kadhaa iliyopita waliamua kutengeneza sabuni za miche. Walikwenda kwenye semina, wakapewa karatasi yenye vipimo: mafuta ya nazi kilo moja, kostiki soda gramu 183, maji kiasi fulani. Karatasi nzuri, imechapwa. Walivyorudi wakakuta mafuta ya nazi hapa kwetu bei yake haishikiki. Mawese ya Kigoma yapo, bei nafuu. Wakasema mafuta ni mafuta, kilo ni kilo. Wakaweka mawese kilo moja mahali pa nazi, na kostiki ile ile gramu 183.

Sabuni ilitoka. Ilikuwa na rangi ya chungwa, ngumu, inapendeza. Waliikata kwa waya, wakaipanga kwenye mbao sebuleni kwangu, na mimi nikapita kando yake wiki nzima nikienda kufundisha. Wakauza. Siku ya tatu jirani akaja na mikono yake ameinyoosha mbele kama mtu aliyebeba kitu kisichoonekana. Katikati ya vidole ngozi imebabuka, imekuwa nyeupe, inachanika. Alikuwa amefua mashuka kwa ule mche. Mke wangu akamtazama yule jirani, kisha akanigeukia mimi. Akasema kwa utulivu kabisa: "Mwalimu, si ndiyo kazi yako hii?"

Ilikuwa ndiyo kazi yangu. Asubuhi ile ile nilikuwa nimewafundisha watoto wa watu hesabu hiyo ubaoni, kwa mfano wa kitabuni wa magnesiamu na oksijeni, kitu ambacho hakuna mtu wa mtaani kwetu aliyewahi kukichoma. Nikachukua karatasi ya nyuma ya kalenda.

Njoo binti yangu, wewe uliyesoma risala, uniandikie.

Molekuli ya mafuta, ya kula au ya kupaka, ni kama kichana kidogo cha meno matatu. Mgongo wa kichana ndio unakuja kuwa glisirini, na yale meno ni asidi za mafuta. Kostiki moja inang'oa jino moja, na kila jino lililong'olewa linakuwa sabuni. Kwa hiyo:

mafuta 1 + kostiki 3 → sabuni 3 + glisirini 1

Huo ndio mlinganyo, na umeshasawazishwa. Zile namba 1, 3, 3, 1 ni vijiti vya mama wa Mwaloni. Hazizungumzii gramu hata kidogo.

Tuseme kina mama wana oda, na oda hiyo tukiibadilisha kuwa moli ni moli 6 za sabuni. Hapa ndipo tunatembea kinyumenyume, kutoka kwenye zao kurudi dukani. Mama lishe anafanya hivyo kila siku: haanzi na mchele, anaanza na sahani ngapi zitatoka saa saba mchana, ndipo anajua apime kilo ngapi.

Moli 6 za sabuni zinadai moli ngapi za kostiki? Tatu kwa tatu, yaani moja kwa moja. Moli 6. Zinadai moli ngapi za mafuta? Mafuta ni moja kwa kila sabuni tatu. 6 gawanya kwa 3, moli 2. Mpaka hapa hatujataja gramu. Tumetembea kwa idadi tupu.

Sasa ndiyo tuteremke kwenye mizani. Kostiki, moli 6 mara gramu 40, ni gramu 240. Mawese, moli moja ni kama gramu 845 kwa wastani (ni wastani kwa sababu mafuta yana meno ya urefu tofauti), kwa hiyo moli 2 ni gramu 1,690. Basi. Hiyo ndiyo karatasi ya dukani.

Na kabla ya kwenda dukani, hakiki. Kilichoingia ni 1,690 na 240, jumla gramu 1,930. Moli moja ya sabuni ya mawese ni gramu 291, mara 6 ni 1,746. Glisirini moli 2, kila moja gramu 92, ni 184. Jumlisha binti yangu. Ngapi?

"1,930, mwalimu."

Inalingana. Lavoisier aliwaandikia Wafaransa jambo hilo kwenye kitabu chake cha mwaka 1789, na miaka mitano baadaye wakamkata kichwa, ingawa kwa kosa la kukusanya kodi, si kwa kemia. Mtihani una dakika chache, lakini jumla hii inachukua nusu dakika na inakuambia kama umepotea njia.

Nirudi kwenye mikono ya jirani. Moli ya mawese ni gramu 845. Moli ya mafuta ya nazi ni nyepesi zaidi, kama gramu 655, kwa sababu meno ya kichana chake ni mafupi. Nazi ni dagaa, mawese ni sangara. Kilo moja ya nazi ina vichana vingi: 1,000 gawanya kwa 655 ni moli 1.53 hivi. Kila kimoja kinadai kostiki tatu, kila moli ya kostiki ni gramu 40. Inakuja gramu 183. Kumbe ile karatasi ya semina ilikuwa sahihi kabisa! Kilo moja ya mawese je? 1,000 gawanya kwa 845 ni 1.18. Mara 3, mara 40. Gramu 142.

183 toa 142. Gramu 41. Zaidi kidogo ya moli nzima ya kostiki ilibaki ndani ya kila kilo bila mafuta ya kung'oa, ikaenda kutafuta mafuta kwenye vidole vya jirani yangu. Tulimrudishia hela na tukamnunulia dawa ya kupaka. Miche iliyobaki mke wangu aliikwangua, akaiyeyusha na mawese ya kuongezea yaliyopigiwa hesabu, ikawa sabuni ya kawaida. (Wazazi mlioandika namba hizi: kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji, kidogo kidogo, nje penye hewa, na glavu mkononi. Maji hayamwagwi juu ya kostiki. Yanachemka na kuruka usoni.)

Sasa wahitimu, makosa yenu. Nimesahihisha karatasi nyingi na nayajua kwa majina.

Chukueni bikaboneti, ile magadi soda ya kwenye maandazi. Moli moja ni gramu 84. Nataka moli 0.1 ya kaboni dioksidi, hewa inayoumua. Nikiichoma bikaboneti peke yake, mlinganyo unasema bikaboneti 2 hutoa kaboni dioksidi 1, na maji, na kaboneti ya sodiamu. Niambieni natakiwa nipime gramu ngapi.

Nilipouliza swali hili darasani nilikuwa napata majibu matatu. Wa kwanza anasema 8.4. Huyo amechukua 0.1 akazidisha kwa 84, ile 2 hakuiona, aliruka mlinganyo kama mtu anayeruka dimbwi. Wa pili anasema 33.6, na huyu ndiye anayeniuma, kwa sababu anajua. Ameiona 2, akapata moli 0.2 kama inavyotakiwa, halafu alipofika kwenye uzito akaiona 2 tena, akasema moli moja ni gramu 168. Amelipa nauli mara mbili. Kondakta wa daladala ya Buhongwa akikudai mara ya pili unapiga kelele gari zima likusikie, lakini kwenye karatasi unalipa kimya kimya! Namba ya mbele ya mlinganyo inatumika mara moja tu, kwenye uwiano. Ikishatumika, uzito wa moli ni ule wa jedwali, 84, hata mlinganyo ungekuwa na 2 au 200 mbele. Jibu ni 0.2 mara 84, gramu 16.8.

Na sasa tazama. Moli zile zile 0.1 za hewa, lakini badala ya kuchoma natumia siki. Mlinganyo umebadilika: bikaboneti 1, asidi ya siki 1, kaboni dioksidi 1. Kwa hiyo safari hii 8.4 ndiyo sahihi. Yule wa kwanza alipata jibu la swali jingine. Ndiyo maana nasema usianze hesabu kabla hujauandika mlinganyo. Zao hilo hilo, kitendanishi hicho hicho, na uzito ukawa nusu.

Nimekuja navyo. Kwenye puto hili nimetia gramu 8.4 nilizopima nyumbani. Chupa ina siki mililita 150, nimeizidisha makusudi ili bikaboneti iishe yote na siki ndiyo ibaki. Kijana, shika shingo ya chupa, vesha puto, inua.

(Puto lilijaa taratibu, likasimama, likawa kama tikiti dogo. Mtoto mmoja wa mgeni alilia akilitaka.)

Mnaliona? Humo mna karibu moli 0.1, kasoro kiasi kilichoyeyukia kwenye siki. Na hapa nina neno na vitabu vyetu. Kitabu kinakufundisha kwamba moli moja ya gesi kwenye joto la chumba ni lita 24. Hiyo ni kwa mtu aliyekaa usawa wa bahari. Ziwa letu liko zaidi ya mita 1,130 juu ya bahari, hewa ya hapa inakandamiza kidogo kuliko ya Dar es Salaam, na moli moja ya gesi kwenye nyuzi 25 inajitanua mpaka kama lita 28. Puto hili lingefanyiwa Dar lingekuwa dogo zaidi kwa gramu zile zile. Kwenye mtihani andika 24 kama wamekupa 24, usibishane na karatasi. Ila jua kwamba ujazo unahama na mahali, moli hazihami. Ndiyo sababu swali likikupa moli za zao moja kwa moja, limekuonea huruma: limekuvusha sehemu yenye utelezi.

Lipo jambo la uchafu, nalipitia haraka kwa sababu chakula nasikia harufu yake. Mawe ya chokaa yakichomwa hutoa chokaa na kaboni dioksidi, moja kwa moja kwa moja. Nataka moli 5 za chokaa. Moli ya mawe safi ni gramu 100, kwa hiyo gramu 500. Lakini mawe yangu yana usafi wa asilimia 80 tu. Wengi wanazidisha 500 kwa 0.8 wanapata 400. Mama yeyote hapa akiuziwa mchele wenye mawe, atanunua pungufu au zaidi? Zaidi. Basi gawanya: 500 kwa 0.8, gramu 625. Jibu likipungua pale ambapo akili ya jikoni inasema liongezeke, rudi nyuma ulitafute kosa. Kwa wenzetu wa Geita, wanaochimba dhahabu, ni hivyo hivyo. Ubaoni moli moja ya dhahabu, gramu 197, inadai moli 2 za sianidi ya sodiamu, ile inayoyeyusha dhahabu kutoka mwambani, gramu 98. Mtambo halisi unatumia nyingi zaidi ya hizo kwa sababu shaba na madini mengine yaliyomo kwenye mwamba nayo yanaila. Hesabu ya ubaoni inakupa kiwango cha chini ambacho huwezi kushuka chini yake.

Bwana Mkuu wa Shule ameangalia saa. Kuna swali? Mama yangu wa khanga ya njano.

"Mwalimu, sisi kikundi chetu huwa tunachanganya. Nusu mawese, nusu nazi. Hapo unaweka ngapi?"

Swali zuri kuliko yote niliyouliza mimi. Binti yangu, usikae, chaki unayo. Kilo moja ya mchanganyiko. Kila mafuta yahesabie kivyake.

(Aliandika akitamka kwa sauti. Mawese nusu kilo: nusu ya 142, gramu 71. Nazi nusu kilo: nusu ya 183, gramu 91 na nusu. Jumla 162.5.)

Sawasawa. Mama, usiandike hiyo bado. Hiyo ndiyo ya kumaliza mafuta yote, na mizani ya sokoni inaweza kukudanganya gramu mbili tatu. Watengeneza sabuni huacha mafuta kidogo bila kung'olewa, ili kama kuna kosa liangukie upande wa mafuta, lisiangukie upande wa kostiki. Punguza asilimia 5. Binti?

"Kama 154, mwalimu."

Mia moja hamsini na nne, mama, kwa kila kilo ya mchanganyiko.

"Sisi tulikuwa tunaweka mia na themanini," akasema, na akaomba kalamu.